Kijiji Walichokijenga Watoto wa Darasa la Tano

Bhoke binti yangu,

Nakuandikia kwenye meza ya jikoni, na wewe uko uani unaagana na rafiki zako. Nawasikia mnavyocheka. Basi la kesho linaondoka mapema, na ninakujua: asubuhi wewe utakuwa na haraka, mimi nitakuwa na machozi, na hakuna la maana litakalosemwa. Ndiyo maana naandika sasa. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kwenda kumsalimia mwenyekiti wa kijiji siku ya kwanza, unayajua, na usiyoyajua majirani wa huko Rukwa watakufundisha. Mimi nina jambo moja tu, na linanihusu mimi.

Jumapili, tulipokuwa tunakuaga kanisani, yule mzee wa kanisa alisimama akasema, "Binti huyu hakuuokota ualimu njiani. Mama yake ndiye aliyejenga kile kijiji cha udongo kilichopelekwa mpaka Musoma." Watu walipiga makofi, na wewe ulipiga kuliko wote. Mimi niliinamisha kichwa. Watu walidhani ni unyenyekevu.

Bhoke, sikukijenga mimi.

Tangu ukiwa mdogo ulikuwa unaniomba nikusimulie habari za kijiji kile: ng'ombe wenye pembe za miiba, shule yenye paa linalong'aa. Nilikusimulia kila kitu isipokuwa mikono ya nani ilifanya. Ulipowaambia wenzako kwamba mama yako alijenga kijiji kizima, nilikuwepo, na nilinyamaza. Kesho unakwenda kuwa mwalimu wa watoto wa watu. Siwezi kukuacha uende na hadithi yenye uongo katikati.

Niseme kwanza kwamba nilianza mapema. Nilipokuwa darasa la nne kule Natta, tuliagizwa kila mtu asuke mkeka mdogo wa kazi za mikono. Mimi vidole vyangu vilikuwa vizito. Nilimlilia dada yangu mkubwa, akanisukia, na nikapata alama za juu kuliko darasa zima. Mwalimu aliuinua ule mkeka wenzangu wauone. Nakumbuka nilivyojisikia vizuri, na hilo ndilo baya lake. Ningejisikia vibaya siku ile, pengine ningepona.

Baadaye nikawa mwalimu, nikaolewa na baba yako, nikahamia kule kwao, kwenye shule iliyokuwa upande wa pili wa bonde kutoka Kerende. Ulikuwa hujazaliwa. Ilikuwa ile miaka ya dhahabu, kabla ya mashine kubwa na uzio. Kila aliyeweza kushika sululu alikuwa ameshuka kwenye mashimo, yale wachimbaji wanayoita maduara. Watu walitoka Musoma, walitoka Shinyanga, walivuka kutoka Kenya. Ulikuwa ukifungua mlango asubuhi unakuta familia ngeni imeshapiga turubai nyuma ya choo chako. Darasa langu la tano lilikuwa limejaa mwezi Januari. Kufikia mvua za masika walibaki watoto kumi na sita. Wengine wote walikuwa machimboni, wanaponda mawe au wanabeba maji.

Nilikuwa nafundisha kazi za mikono, na siku moja nikawaambia hao kumi na sita, "Tutafinyanga kijiji chetu. Kila mtu afinyange nyumba yao." Basi. Hilo ndilo lote nililofanya, Bhoke. Niliwaonyesha jinsi ya kukanda udongo, na hata hapo nilikosea. Vibanda vya kwanza vilipokauka vilipasuka vyote. Msichana mmoja anayeitwa Wankuru, wa miaka kumi na mitatu, mwembamba, mwenye sauti ndogo, akaniambia, "Mwalimu, bibi yangu anafinyanga vyungu. Anaponda vigae vya vyungu vya zamani anachanganya na udongo. Hapo haupasuki." Nilimwambia akae chini, nitafikiria.

Sikufikiria. Nilikuwa nafikiria kitu kingine. Mishahara ilikuwa inachelewa, na kila jioni nilikuwa nawaona mama ntilie wakirudi kutoka machimboni na vitenge vipya mabegani. Wiki ya tatu ya ile kazi nikamwendea mwalimu mkuu, nikamwambia mama yangu anaumwa sana Natta, naomba ruhusa nikamuuguze. Alikuwa mtu mpole, akanipa. Mama yangu wakati huo alikuwa shambani kwake, mzima kabisa, anapalilia mtama.

Nilishuka machimboni na sufuria mbili na mwiko. Baba yako hakupenda. Aliniambia, "Wale watoto hawakukimbia. Wewe ndiye unakimbia?" Nilimjibu kwamba yeye hajui shida za ualimu. Nikapika ugali na dagaa kando ya maduara kwa miezi miwili na zaidi. Sitakuelezea nilichopata na nilichopoteza. Siku moja wachimbaji wakasikia kumetoka dhahabu mahali pengine, na kufikia saa nne asubuhi wote walikuwa wameondoka. Nilibaki na sufuria ya ugali uliokwisha kuiva na mbwa watatu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ni mwalimu.

Nilirudi shuleni Jumatatu, nimevaa gauni langu la kazi, nimejiandaa kusema mama amepona. Darasa la tano halikuwa na mtu. Mwalimu mkuu akanielekeza stoo. Alikuwa amewaachia ile stoo kwa sababu hakuwa na mwalimu wa kuwapa, na alidhani kama watakuwa na kitu cha kuchezea hawatapiga kelele.

Bhoke, nimeona vitu katika maisha yangu. Nimeona nyumbu wakivuka mto, maelfu yao. Hakuna kilichonisimamisha kama kile nilichokiona nilipousukuma mlango ule.

Kijiji kilikuwa chini, kimejaza sakafu, kimejengwa juu ya milango mitatu mibovu iliyolazwa juu ya mawe na kuunganishwa. Milango ile walikuwa wameiomba kwenye mabanda yaliyoachwa, kwa sababu Wankuru alisema kitu kisichoweza kubebwa kitaharibika siku stoo itakapotakiwa. Nyumba hazikuwa na ufa hata mmoja. Walikuwa wameponda vigae. Mapaa ya nyasi yalikuwa ya nyasi kweli, yamefungwa kwa nyuzi za katani. Paa la shule lilikuwa la bati, na bati lenyewe ni zile karatasi za fedha za ndani ya pakiti za sigara, walizookota walikokuwa wanakaa wachimbaji, wakazikunja mstari kwa mstari kwa ukucha. Mto Mara ulikuwa vipande vya chupa za kijani, kingo zake zimesagwa kwa jiwe zisimkate mtu.

Na rangi! Sikuwahi kuwapa rangi, shule haikuwa nayo. Walikwenda kwenye marundo ya udongo uliotolewa mashimoni, wakachota mweupe, wa njano, wa kijivu, mwekundu kama kutu, wakauchekecha kwa kitambaa, wakaupaka mahali pake. Udongo wa kila upande wa kijiji ulipakwa upande huohuo wa kijiji chao. Sikuwafundisha hilo. Sijui kama ningeweza kulifikiria.

Ng'ombe walikuwa wa Marwa. Huyu Marwa nilishamchapa viboko mwaka ule kwa kufinyanga ndama wakati wa hesabu. Sasa alikuwa na ng'ombe arobaini, pembe zao miiba ya mgunga, na alikuwa anajua kila mmoja ni wa nani. Nikamuuliza huyu aliyelala ana nini. Akasema, "Huyo ni wa mzee wa nyumba ya tatu, mwalimu. Ni mgonjwa. Akipona nitamsimamisha." Na kweli nilisikia baadaye kwamba alimsimamisha.

Mimi nilikuwa nimewaza kijiji kizuri cha zamani, chenye nyumba na mashamba. Wao walibishana siku nzima, waliniambia, wakaamua kiwe kijiji kama kilivyo. Kwa hiyo maduara yalikuwepo. Walitoboa milango ile kwa msumari wa moto, wakateremsha kamba za katani kwenye matundu, na kwenye kila kamba mtu mdogo kama kidole. Wanawake waliponda mawe. Chacha, ambaye kaka yake alifukiwa na shimo mwaka uliotangulia, alikuwa ameweka kichuguu kidogo cha udongo wa njano nyuma ya nyumba yao, na kukizungushia vijiti. Nilipokitazama, Wankuru alinivuta mkono taratibu nisiulize.

Ndipo nikaona kando ya maduara mwanamke wa udongo ameinamia chungu. Kichwani amefungwa kitambaa cha madoa. Nilikuwa na kitambaa cha madoa.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

Marwa alitazama dari. Wankuru ndiye aliyejibu, kwa ile sauti yake ndogo, bila kejeli yoyote.

"Ni wewe, mwalimu. Kila mtu tumemweka mahali alipo."

Walikuwa wanajua tangu mwanzo. Walikuwa wakienda kuchota udongo, wananiona. Na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwalimu mkuu. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya stoo, nikalia kama mtoto aliyekamatwa. Niliporudi, nikasema, "Nisameheni." Juma, mtoto wa fundi cherehani, akaniletea kigoda nikae.

Hapa ndipo ningependa hadithi iishie. Lakini haikuishia.

Wiki mbili baadaye mgeni alikuja kutoka wilayani kukagua shule. Asubuhi ile niliingia stoo nikaona yule mwanamke wa udongo hayuko tena kwenye maduara. Walikuwa wamembandua, wakamfinyangia chaki mkononi, wakamsimamisha mbele ya shule yenye bati. Wankuru alikuwa anafuta alama pale aliponyanyuliwa. "Tumekurudisha," akaniambia. "Si umerudi?"

Yule mgeni alizunguka ile milango mitatu mara nne. Alipiga magoti na suruali yake iliyopigwa pasi. Kisha akasimama, akasema kuna maonyesho Musoma, ya kazi za shule kutoka mkoa mzima, na kazi hii lazima iende. "Nafasi ni moja. Ni ya yule aliyeongoza kazi. Kama ni mwanafunzi, atakwenda na mlezi, atakaa wiki mbili, atakutana na mafundi wanaofundisha sanaa. Kama ni mwalimu, atakwenda mwalimu." Akatutazama wote. "Nani aliongoza?"

Watoto walinitazama mimi. Sidhani walikuwa wananiomba niseme uongo. Nadhani walikuwa wanasubiri nimtaje Wankuru, kwa sababu ilikuwa wazi kiasi kile. Nami nilifungua mdomo nimtaje. Halafu nikawaza: akitajwa Wankuru, ataulizwa mwalimu alikuwa wapi.

Nikasema, "Ni mimi."

Neno lenyewe ni fupi, Bhoke. Lilichukua muda mfupi kuliko kuliandika hapa. Wankuru alikuwa amesimama karibu na mlango na kitambaa cha kufutia mkononi. Alikunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya dirisha.

Nilikwenda Musoma; mwalimu mkuu alifurahia sifa ya shule, hakuuliza. Nilisimama kando ya kijiji kile siku kumi na nne, watu wakinipa mkono. Walipouliza tuliwezaje kuzuia udongo usipasuke, niliwaeleza habari za vigae kana kwamba aliyenifundisha ni bibi yangu. Nikapewa cheti, kile ulichokizoea sebuleni. Maonyesho yalipokwisha, sikutafuta gari la kukirudisha kijiji. Nilikiacha kwenye ukumbi nikapanda basi. Watoto waliponiuliza kiko wapi, nikasema kimehifadhiwa. Sijui kilikwenda wapi. Kazi ya watoto kumi na sita, ya zaidi ya miezi miwili, niliiacha kama mtu anavyoacha mwavuli.

Wankuru alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, akaolewa upande wa Kenya. Mimi nikahamishiwa Mugumu, ukazaliwa wewe, na watu wakaendelea kunisifu.

Juma lililopita nilikuambia nakwenda Sirari kukununulia vitenge. Vitenge nilinunua, umeviona. Lakini nilikwenda kumtafuta yeye. Nilikuwa nimesikia anatengeneza majiko ya udongo na kuyauza karibu na mpaka. Nilimkuta ameketi katikati ya majiko yake, mnene sasa, miwani usoni. Kila jiko lilikuwa na urembo wake kwenye mdomo: majani, samaki, nyayo za kuku. Hakuna mawili yanayofanana. Mwenzake wa kibanda cha jirani alikuwa na majiko laini yasiyo na kitu, na wateja walikuwa wanampita wanakuja kwa Wankuru.

"Shikamoo mwalimu," akasema kabla sijafungua mdomo. Alinitambua mara moja.

Nilimwambia yote, nimesimama, begi mkononi. Nikatoa kile cheti nikampa. Alikisoma polepole mpaka mwisho, akanirudishia.

"Jina lako wameliandika vizuri," akasema.

Nikamwomba msamaha. Alimalizana kwanza na mteja, akanivutia kiti.

"Wacha nikuambie ukweli, mwalimu. Nilikasirika mwaka mmoja hivi. Halafu nikawa na mambo mengine. Mimi sikukaa nikilia. Hii kazi naipenda, na watoto wangu wanasoma kwa hii kazi." Akasugua udongo uliokauka kidoleni. "Lakini ile Musoma ningependa kuiona. Nilikuwa sijawahi kuliona ziwa."

Nilimwambia naweza kumpeleka Musoma, hata kesho. Akacheka sana. "Nimeshaenda mara nyingi, mwalimu! Nina wateja huko. Nasema wakati ule."

Tulikaa mpaka saa kumi. Alinipa chai. Akaniuliza habari zako, nikamwambia umepangiwa shule ya msingi Rukwa, darasa la tatu. Akauliza, "Anajua kile kijiji kilikuwa cha nani?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi mwambie." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anavyoagiza chumvi.

Kwa hiyo nakuambia. Niliporudi nilikitundika tena cheti; leo nimekitoa ukutani kabisa. Utaona alama ya mraba palipokuwa, usiulize mbele ya wageni. Mzee wa kanisa nitamweleza mwenyewe.

Ningeweza kukushauri mengi kuhusu ualimu lakini nina mashaka na mashauri yangu. Ninachojua ni hiki: watakuwepo watoto darasani kwako watakaojua jambo usilolijua, na watalisema kwa sauti ndogo, wakati umechoka na unawaza mengine. Wasikilize. Na mtoto akifanya kitu kizuri, taja jina lake siku hiyohiyo, mbele za watu, hata kama kulitaja kutakuaibisha. Mimi ninajua gharama ya kunyamaza, na aliyeilipa hakuwa mimi.

Usinichukie kwa barua hii. Ukinichukia, iwe kwa muda kama Wankuru, halafu uendelee na kazi. Bado najivunia kile kijiji kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona, na sasa naweza kujivunia vizuri zaidi, kwa sababu si changu. Walikuwa watoto wenye njaa, wasio na mwalimu, wazazi wao wako mashimoni, na kila siku asubuhi walikuja shuleni kufinyanga. Hakuna aliyewaahidi kitu.

Nataka uwajue. Mimi nilikumbuka majina tisa. Saba alinitajia Wankuru, bila kusita hata mara moja.

Wankuru aliongoza, na nyumba nyingi ni zake. Marwa alifanya ng'ombe. Chacha alifanya makaburi na miti. Juma alikata na kukunja bati lote la shule. Achieng, ambaye kwao walitoka ziwani, ndiye aliyeufanya mto, na vidole vyake vilikuwa na makovu ya chupa hadi alipomaliza shule. Ghati na Robhi walichekecha rangi. Mwita alitoboa maduara. Nyamhanga alisokota kamba, zote. Wegesa alifanya wanawake wanaoponda mawe, na mimi alinifanya yeye. Magige na Nchagwa walizunguka kwa wazee kuuliza mipaka ya mashamba, ili pasiwe na ugomvi. Boniface alibeba milango mgongoni. Weisiko alifunga mapaa. Tatu alifanya kuku, wadogo kama punje za mahindi, na kila mmoja ana jicho.

Wa kumi na sita ni Sabina. Alikuwa na sare moja tu ya shule, na mama yake alimkataza kuichafua, kwa hiyo udongo hakuugusa hata siku moja. Kila asubuhi alikuwa anateremka mtoni peke yake, anapanda kilima na ndoo kichwani, anaiweka mlangoni, wenzake wanapata maji ya kukandia. Miezi miwili na zaidi. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Wankuru alipomtaja aliacha kusugua vidole, akaniambia, "Huyo umwandike kwa herufi kubwa."

SABINA.

Mimi mama yako